Bima ya Gari Marekani Baada ya Hukumu ya Ulevi Barabarani: Namna ya Kuipata na Kuizuia Isikatike

Mtu akishatiwa hatiani Marekani kwa kuendesha gari akiwa amelewa, swali lake la kwanza huwa ni bei. Bei itapanda, hilo halina mjadala. Lakini kinachowaumiza wengi zaidi ni pengo. Siku tatu bila bima katikati ya kipindi unachochungwa na jimbo, yaani miaka ambayo lazima uthibitishe kwamba una bima, zinatosha kukufungia leseni upya, na katika majimbo mengi hesabu ya miaka yako huanza tena mwanzo. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa lengo moja: upate bima ambayo jimbo linaitambua, kisha uilinde isikatike hata siku moja. Bei itafuata nyuma yake.

Haya yanawahusu pia waliopatikana na makosa mengine mazito: uendeshaji wa hatari, kukimbia eneo la ajali, kuendesha wakati leseni imefungiwa, kukutwa bila bima, kushindana mbio barabarani, au kukataa kupima pumzi. Kampuni za bima huyaweka karibu kapu moja, na jimbo mara nyingi hudai karatasi zilezile.

Kabla ya kumpigia wakala yeyote

Kesi ya ulevi barabarani huenda kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Moja ni ya mahakama. Ya pili ni ya ofisi ya leseni ya jimbo, ambayo inaweza kukufungia leseni hata kabla hakimu hajalitazama faili lako. Muda wa kupinga hatua hiyo ni mfupi mno: siku 10 California na Florida, siku 15 Texas. Ukipita, leseni inafungwa yenyewe, na kufungwa huko huingia kwenye rekodi yako ya udereva ambayo kampuni ya bima itaisoma. Mtu anaweza kushinda mahakamani na bado akalipa bima ghali kwa sababu alipuuza karatasi ya ofisi ya leseni.

Kama kesi haijaisha na wewe si raia, zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya kukiri kosa lolote. Tangu mwaka 2015 viza inaweza kufutwa kwa kukamatwa tu kwa ulevi barabarani. Na kwa anayeomba uraia, hukumu mbili ndani ya kipindi kinachokaguliwa humtwisha mzigo wa kuthibitisha kwamba ana mwenendo mwema. Hilo si jambo la bima, lakini uamuzi huo huo wa kukiri ndio unaofungua mlango wa yote mawili, na wakili wa kesi za barabarani si lazima alijue.

Hukumu ikishatoka, tafuta karatasi mbili. Ya kwanza ni barua ya ofisi ya leseni inayoeleza masharti ya kurudishiwa leseni. Ya pili ni nakala ya rekodi yako ya udereva, ambayo ofisi hiyohiyo huiuza kwa ada ndogo, mara nyingi kupitia tovuti yake. Zisome kwa makini upate majibu ya haya: ni fomu gani ya uthibitisho wa bima inayodaiwa na inaitwaje, inadaiwa kwa muda gani, muda huo unahesabiwa kuanzia siku gani, na kuna deni gani jingine (ada ya kurejesha leseni, darasa la ulevi, kifaa cha kupulizia kabla ya kuwasha gari) ambalo lisipolipwa leseni haitoki hata ukiwa na bima nzuri kiasi gani.

Siku ya kuanzia hesabu ndiyo inayosahaulika kuliko yote. Texas hudai uthibitisho huo kwa miaka 2 kuanzia tarehe ya hukumu. California ni miaka 3. Alaska ni miaka 5 kwa kosa la kwanza, na inazidi kwa makosa yanayofuata. Kuna majimbo yanayoanza kuhesabu siku uliporudishiwa leseni, maana yake ukikaa mwaka mzima bila kushughulikia leseni, mwaka huo haukuhesabiwa. Usikisie, na usimwamini rafiki aliyepitia haya jimbo lingine. Piga simu ofisi ya leseni, taja namba ya leseni yako, uliza tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, uziandike pamoja na siku uliyopiga.

SR-22 ni cheti, si bima

Karatasi inayotajwa kila mahali ni SR-22. Watu husema "bima ya SR-22" kana kwamba ni aina ya bima. Sivyo. Ni cheti ambacho kampuni ya bima inakituma kwa jimbo kusema: huyu mtu ana bima inayofikia kiwango cha chini cha sheria, na akiiacha tutakuarifu. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye meno. Bima yako ikikatika, kampuni inalazimika kupeleka taarifa ya kukatika, mara nyingi kwa fomu iitwayo SR-26, na jimbo likishaipokea linafunga leseni.

Cheti chenyewe si ghali. Kampuni nyingi hutoza kama dola 15 hadi 50 kukituma. Kinachopandisha gharama ni bima iliyo nyuma yake, kwa kuwa sasa unahesabiwa kuwa dereva wa hatari.

Florida na Virginia zina cheti kizito zaidi kwa kesi za ulevi, FR-44. Florida inakitaka kiwe na $100,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, $300,000 kwa wote walioumia katika ajali moja, na $50,000 kwa mali iliyoharibika. Virginia inataka mara mbili ya kiwango chake cha kawaida. Wakala akikutumia SR-22 mahali ambapo jimbo linataka FR-44, umelipa bure na leseni haitafunguliwa. Msomee barua ya jimbo neno kwa neno.

Majimbo machache hayatumii SR-22 kabisa, yakiwemo New York, Pennsylvania, Kentucky na Minnesota. Hapo hakuna cheti cha kutuma, lakini gharama inakuja kwa njia nyingine. New York hutoza dola 250 kwa mwaka kwa miaka 3 baada ya hukumu ya ulevi, zinazolipwa kwa jimbo. New Jersey hutoza dola 1,000 kwa mwaka kwa miaka 3 kwa kosa la kwanza. Pesa hizo ni mbali na ongezeko la bima. Na ukihamia New York kutoka jimbo lililokudai SR-22, deni la cheti halifi kwa kuvuka mpaka: jimbo la zamani bado linakudai, na inabidi upate kampuni iliyosajiliwa huko pia ili iweze kukituma.

Huna gari? Bado unaihitaji

Wengi huuza gari baada ya hukumu wakidhani wamemaliza. Kama jimbo linadai cheti, linakidai kwa mtu, si kwa gari. Bila cheti leseni haifunguki, na katika majimbo mengi hesabu ya miaka haisogei.

Dawa yake ni bima ya dereva asiye na gari. Inamlipia yule utakayemuumiza au kumharibia mali ukiwa umeazima au umekodi gari, na kampuni inaweza kuambatisha SR-22 juu yake. Kwa kawaida ni rahisi kuliko bima ya mwenye gari, kwa sababu haina gari la kulinda na hesabu yake ni kwamba huendeshi kila siku.

Ina mipaka inayowanasa watu. Hailipii gari uliloazima likipondeka. Haifai kama ndani ya nyumba unayoishi kuna gari unaloweza kulitumia mara kwa mara, liwe la mke, mume, kaka au mpangaji mwenzako. Kampuni ikigundua, itakataa dai. Na siku utakayonunua gari, lazima ubadilishe bima siku hiyohiyo kabla hujaliondoa kwa muuzaji, huku cheti kipya kikitumwa kabla cha zamani hakijafutwa.

Kampuni uliyo nayo sasa

Usiikate bima uliyo nayo kwa hasira wala kwa aibu. Katika majimbo mengi, mkataba ukishapita siku 60 za mwanzo kampuni haiwezi kuuvunja katikati ila kwa sababu chache: kutolipa, udanganyifu, au leseni kufungiwa. Sababu ya tatu ndiyo inayokugusa. Kama leseni haikufungiwa, mara nyingi utabaki hapo hadi siku ya kuhuisha mkataba, ndipo kampuni itakaposoma rekodi yako na kuamua kupandisha ada au kutokuendelea nawe.

Ukihitaji cheti, piga simu uulize mambo matatu kwa mpangilio huu: mnatuma SR-22 (au FR-44) katika jimbo hili? Mnatuma kwa mtandao au kwa posta? Ada yangu itakuwa kiasi gani kuanzia lini? Kampuni nyingine hazitumi kabisa. Nyingine hutuma lakini hukuhamishia kampuni dada yenye bei tofauti. Ukijibiwa "hatutumi", usifunge hapo. Nunua kwingine kwanza. Bima za Marekani kwa kawaida huanza saa sita usiku na dakika moja ya tarehe iliyoandikwa, kwa hiyo mpya ianze siku ileile ya zamani inapokoma, au siku moja kabla. Kulipia siku moja mara mbili ni nafuu kuliko kukosa siku moja.

Kutafuta bei

Kaa chini na vitu hivi mbele yako kabla ya kupiga simu ya kwanza: namba ya leseni, namba ya chasisi ya gari, kilomita au maili lililotembea, majina na tarehe za kuzaliwa za wote wanaoishi nyumbani wenye umri wa kuendesha, tarehe ya kukamatwa, tarehe ya hukumu, na barua ya jimbo yenye namba ya kesi. Tarehe ya kukamatwa na ya hukumu ni vitu viwili. Kampuni moja huhesabu kutoka hii na nyingine kutoka ile, na tofauti ya miezi minane inaweza kukutoa kwenye dirisha la miaka mitatu ambayo kampuni huiangalia nyuma, au kukuacha ndani.

Agiza pia ripoti yako ya madai ya bima inayoitwa CLUE kutoka LexisNexis. Kwa sheria unaipata bure mara moja kila miezi 12. Humo kuna madai yote ya miaka ya karibuni, na makosa hutokea: ajali ya mtu mwenye jina linalofanana na lako, au dai ulilouliza tu na halikulipwa. Kwa sisi ambao majina yetu hugeuzwa mpangilio katika karatasi za Marekani, la kwanza likiwekwa la mwisho, kosa hilo si nadra. Lisahihishe kabla ya kuomba bei, maana kila kampuni itaisoma ripoti hiyohiyo.

Sasa omba bei kwa angalau kampuni tano. Wakala huru, anayeuza bima za kampuni nyingi, anafaa zaidi hapa kuliko wakala wa kampuni moja. Kampuni kubwa kama Progressive zinatuma SR-22, na zipo zilizozoea madereva wenye rekodi nzito kama Dairyland na The General. Kampuni mbili zinaweza kutofautiana kwa mamia ya dola kwa kosa lilelile, kwa kuwa kila moja ina kipimo chake cha hatari. Hakikisha unalinganisha kitu kimoja: viwango vilevile, ekses ileile (kiasi unachotoa mfukoni kabla bima haijalipa), tarehe ileile ya kuanza, na ada ya cheti ikiwa ndani.

Ukiulizwa kuhusu hukumu, jibu kweli. Rekodi yako inakaguliwa. Bei unayopewa kwa simu ni ya muda tu mpaka rekodi isomwe. Anayeficha anapata bei nzuri kwa wiki mbili, kisha barua ya ongezeko. Mbaya zaidi ni ajali ikitokea: kampuni inaweza kuufuta mkataba tangu siku ya kwanza kwa kuficha jambo kubwa, dai lisilipwe, na wewe ubaki na pengo juu ya pengo. Lakini jibu swali uliloulizwa, si zaidi. Fomu ikiuliza makosa ya miaka 5 iliyopita na lako lina miaka 6, jibu ni hapana. Ikiuliza kama leseni imewahi kufungiwa, hilo ni swali jingine na lina jibu lake.

Jihadhari na madalali hewa. Hawa huuza kadi za bima kwenye makundi ya WhatsApp na kanisani au msikitini, wakilenga hasa wahamiaji walioambiwa bei kubwa kwingine. Kadi inaonekana halali, lakini nyuma yake hakuna mkataba, au mkataba uliandikwa kwa anwani ya uongo na umeshakatwa. Kabla ya kumpa mtu pesa, mtafute kwenye tovuti ya idara ya bima ya jimbo uone kama ana leseni. Baada ya kulipa, ipigie kampuni yenyewe kwa namba uliyoitafuta wewe, si aliyokupa yeye, na uulize kama mkataba wako upo.

Wote wakikukataa

Majimbo yana mpango wa mwisho kwa ajili ya dereva aliyekataliwa sokoni. California unaitwa CAARP, Texas ni TAIPA, na Maryland ina shirika lililoundwa na jimbo, Maryland Auto. Katika mipango mingi jimbo hugawa madereva hawa kwa kampuni zinazofanya biashara humo, na kampuni iliyopangiwa haiwezi kukukataa ukitimiza masharti. Mara nyingi unatakiwa kuonyesha kwamba ulijaribu sokoni ukashindwa, kwa hiyo tunza barua za kukataliwa. Kinga huwa ya msingi na bei si nyepesi. Ichukue kama daraja, na kila mkataba unapokaribia kuisha jaribu tena soko la kawaida.

Kiwango gani ununue

California, tangu Januari 1, 2025, kiwango cha chini ni $30,000 kwa mtu mmoja, $60,000 kwa ajali nzima na $15,000 kwa mali. Texas ni 30/60/25, kwa maelfu ya dola na kwa mpangilio huohuo. Hiyo ndiyo tunayoiita nyumbani bima ndogo: inamlipa uliyemgonga, gari lako halimo.

Ushauri wetu hapa unaweza kuonekana kinyume na mfuko: kabla hujapunguza viwango hivi hadi chini kabisa, uliza bei ya ngazi moja juu, kama 50/100/50. Tofauti mara nyingi ni ndogo kuliko unavyodhani, kwa sababu sehemu kubwa ya ada ni ya kile kiwango cha chini chenyewe. Gari jipya moja likipondeka linapita $15,000 bila jasho, na kinachobaki unadaiwa wewe.

Pa kukata ni kwenye gari lako mwenyewe. Gari la zamani lenye thamani ya dola 3,000 halistahili bima kubwa kwa dereva mwenye SR-22. Kipimo rahisi: kama ada ya mwaka ya kulinda gari lako inazidi sehemu moja ya kumi ya thamani yake, iondoe. Kama gari lina thamani, pandisha ekses kutoka dola 500 hadi 1,000, ila tu kama hizo 1,000 unaweza kuzitoa mfukoni siku ya ajali.

Gari la mkopo halina uhuru huo. Mkopeshaji anadai bima kubwa, na akiona imekatika ananunua bima ya kwake na kukubandikia gharama kwenye mkopo. Bima hiyo ni ghali, inalinda gari lake tu, na haina SR-22. Kama malipo ya gari pamoja na bima mpya hayabebeki, ni heri kuliuza na kuchukua la bei ya chini mapema, kabla ya kuchelewesha hata rejesho moja.

Nyumba yenye madereva wawili

Mke na mume wakiwa kwenye mkataba mmoja, hukumu ya mmoja hupandisha bei ya wote. Njia inayopendekezwa sana ni kumtenga mwenye hukumu: jina lake linaandikwa kwamba halindwi. Inashusha bei, lakini aliyetengwa akigusa usukani hata kwa dharura, hakuna bima. Na mwenye kudaiwa SR-22 hawezi kutengwa halafu akatumia mkataba huohuo kutuma cheti. Kinachofanya kazi, pale jimbo na kampuni zinaporuhusu, ni mikataba miwili: mmoja wa asiye na kosa na gari lake, mwingine wa mwenye cheti na gari lake. Omba bei ya njia zote mbili kabla ya kuamua, kwa sababu ukitenganisha unapoteza punguzo la magari mengi.

Mambo mengine yanayoshusha bei

Rekodi ya mikopo inahesabiwa karibu kila jimbo, isipokuwa California, Hawaii na Massachusetts. Kwa hiyo kulipa kadi na bili kwa wakati kunashusha bima, polepole. Programu ya simu inayopima uendeshaji wako inaweza kukupa punguzo. Ichukue kama huendeshi usiku wa manane na hufungi breki ghafla, maana kwa kampuni kadhaa inaweza pia kupandisha. Darasa la ulevi lililoamriwa na mahakama halileti punguzo. Darasa la uendeshaji wa kujihami, ukilichukua kwa hiari, huenda likaleta. Uliza kabla ya kulilipia. Kulipa miezi sita kwa mkupuo kunaondoa ada ya awamu, na faida yake kubwa zaidi ni kwamba mkataba hauwezi kukatika kwa kutolipa.

Kama jimbo limekuamuru kuweka kifaa kinachokataa kuwasha injini mpaka upulize, mjulishe wakala. Kinaweza kuwa sharti la leseni ya muda, na gharama ya kukikodi kila mwezi lazima iingie kwenye bajeti ileile ya bima.

Baada ya kulipa: mahali watu wanapoanguka

Wakala anakuambia, "Tayari, tumetuma." Usiwashe gari. Kwa mtandao cheti hufika ndani ya siku chache. Kwa posta inaweza kuwa wiki. Subiri siku tatu za kazi, ingia kwenye akaunti yako ya ofisi ya leseni au piga simu, uhakikishe kimeonekana na jina na namba ya leseni ni sahihi. Herufi moja ikikosewa, cheti kinaelea bila mwenyewe. Lipa ada ya kurejesha leseni, kisha uliza swali moja la wazi: je, leseni yangu ni halali leo? Kuwa na SR-22 si ruhusa ya kuendesha. Kukamatwa ukiendesha na leseni iliyofungwa ni kosa jipya zito, na hapo bima inakuwa ngumu maradufu.

Bima hukatika kwa sababu ndogo ndogo. Kadi ya benki imeisha muda na malipo ya moja kwa moja yamegonga mwamba. Umehama nyumba na barua ya kuhuisha imekwenda anwani ya zamani. Umebadili kampuni na mpya imeanza siku mbili baada ya zamani kukoma. Umesafiri nyumbani miezi miwili ukaona hakuna haja ya kulipia gari lililolala. Hili la mwisho linawaponza wengi: wakati wa safari, badala ya kukata, omba gari lishushwe hadi kinga ya chini inayobeba cheti, au uhamie bima ya dereva asiye na gari, na uhakikishe cheti hakiguswi.

Weka malipo yatoke siku mbili au tatu baada ya mshahara kuingia, si siku ileile. Weka kumbukumbu kwenye simu siku 45 kabla ya mkataba kuisha. Ukiona barua ya kusudio la kukata, lipa siku hiyo na uombe uthibitisho wa maandishi kwamba mkataba umeendelea bila pengo. Neno la kuuliza ni hilo, "bila pengo", kwa sababu kampuni inaweza kukurudisha ikiwa na siku kadhaa tupu katikati.

Ukiishi kwa usukani

Mwenye leseni ya malori akitiwa hatiani kwa ulevi, hata akiwa kwenye gari lake binafsi siku ya mapumziko, sheria ya taifa inamwondolea sifa ya leseni hiyo kwa mwaka mmoja, na miaka 3 kama alikuwa akibeba mizigo ya hatari. Mara ya pili ni maisha. Akiwa kwenye lori, kiwango cha kileo ni 0.04, nusu ya 0.08 ya majimbo mengi. SR-22 hairudishi leseni ya malori. Inarudisha ya gari la kawaida tu. Kwa teksi za programu za simu, bima yako binafsi haikulindi ukiwa kazini, na kampuni hizo hukagua rekodi kwa miaka mingi nyuma, kwa hiyo usinunue bima ya biashara kabla hujahakikisha utakubaliwa.

Mwisho wa kipindi

Kampuni nyingi huangalia miaka 3 hadi 5 nyuma, hata pale ambapo jimbo linatunza kosa kwa muda mrefu zaidi. California inaliweka kwa miaka 10, na kwa muda wote huo hupati punguzo la dereva mwema ambalo sheria inalitaka liwe angalau asilimia 20. Florida inaliweka miaka 75. Andika tarehe ambazo kosa lako linatimiza miaka 3 na miaka 5, na omba bei mpya kwa kampuni kadhaa wiki chache baada ya kila moja. Kampuni uliyo nayo haitakuamsha kukwambia umekuwa nafuu.

Cheti hakijiondoi chenyewe. Tarehe ya kumaliza ikifika, piga simu ofisi ya leseni kwanza upate uthibitisho kwamba hakidaiwi tena, kwa maandishi ikiwezekana. Ndipo umwandikie wakala akiondoe. Akikiondoa wiki moja mapema, jimbo linapokea taarifa ya kukatika na kukufungia kana kwamba umeacha bima. Baada ya mwezi mmoja angalia tena rekodi yako ya udereva, na kama ada haikubadilika ukihuisha mkataba, uliza kama ada ya cheti imeondolewa na kama bado uko kwenye kundi la madereva wa hatari.